Hii Haina Mlango

Wasikilizaji wangu mlioko Busawe, Majimoto na Mugumu mjini, nanyi wenzetu wa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, bei ya mahindi tutaizungumza siku nyingine. Leo nina ugomvi na nati.

Ni nati moja tu, ile ya ekseli ya gurudumu la nyuma la baiskeli. Kama yako imeegemea ukuta hapo nje, toka na tochi ukaitazame, nitakungoja. Kazi yake halali ni kushika gurudumu lisichomoke kwenye fremu. Sasa tazama vilivyoning'inizwa hapo hapo: miguu ya keria, vyuma vya madigadi, masikio ya stendi, na kwenye baiskeli nyingine hata mkia wa kifuniko cha cheni. Nati moja, mabwana wanne. Ukiilegeza umhudumie mmoja, wote wanakudondokea.

Kwa miaka mingi nilidhani fundi wetu wa senta ni mvivu. Ukimpelekea pancha ya nyuma hachomoi gurudumu. Anaipindua baiskeli matairi juu, anapenyeza mpini wa kijiko kati ya rimu na tairi, anavuta tyubu ubavuni kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, na anaibandika kiraka ingali imeizunguka ekseli. Mimi niliyeona darasa nikasema huyu anakwepa kazi. Siku moja nikaamua kuifanya mwenyewe nyumbani, kwa utaratibu. Nilifungua kila kitu, nikapanga washa zangu kwenye mfuniko wa sufuria. Kuvirudisha kulinimalizia mchana mzima: keria ikiingia stendi inatoka, stendi ikiingia madigadi inasugua tairi, na nilipovuta gurudumu nyuma ili cheni ikaze, likakaa upande. Washa mbili zimebaki kwenye mfuniko hadi leo na baiskeli inatembea. Tangu siku hiyo fundi nampa heshima yake. Lawama nimezihamishia kwa aliyechora.

Na pancha kwetu si ugonjwa wa msimu. Nchi hii ni ya migunga. Mwenye baiskeli wa hapa huenda akaiona ile tyubu mara nyingi kuliko anavyomwona shemeji yake.

Nani basi alichora? Baiskeli hii ya magurudumu mawili yanayolingana, cheni ikizungusha la nyuma, ilipata sura yake mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa ile aliyoiita Rover. Miaka mitatu baadaye John Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akalivika gurudumu mpira wa upepo. Kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kikaisambaza katika makoloni. Wachina wakaichukua, tukaletewa Phoenix ya Shanghai na Flying Pigeon ya Tianjin. Wahindi wakaichukua, zikaja Hero na Avon za Ludhiana. Nasi tukawa na Swala yetu, ya NABICO ya Dar es Salaam. Zipange zote uwanjani: rangi nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo za chuma. Utasema zimetoka tumbo moja.

Mchoro wenyewe ulimwona mtu mmoja: mwanamume aliyevaa suruali, yuko peke yake, ana kimkoba, anatoka nyumbani kwenda kazini kwenye barabara ngumu na jioni anarudi. Kwa mtu huyo baiskeli ile haina kasoro kubwa. Keria itamudu kimkoba, nati itavumilia, na huko aendako kuna ukuta wa kuiegemeza. Sasa mlete Busawe. Mpakie gunia la mahindi la debe sita, mkalishie mtoto kwenye bomba, kisha mwache ashuke na barabara ya udongo mweusi mwezi wa nne.

Hapo ndipo utakapoona stendi ya miguu miwili ikizama kwenye tope, gurudumu la mbele likigeuka lenyewe, na gunia likilala chini pamoja na mwenye gunia. Ndiyo maana wabeba mizigo wetu husafiri na mti wenye panda, umefungwa kwa mpira kwenye fremu. Wakisimama wanaukita chini ya mzigo, baiskeli inatulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Mti huo haukuuzwa pamoja na baiskeli. Ulichongwa na mtu aliyechoka kuokota mahindi njiani.

Hilo bomba la juu nalo. Wangapi wetu tulijifunza baiskeli ya baba tukiwa tumepenyeza mguu mmoja chini ya bomba, mwili umepinda upande huu na baiskeli imepinda upande ule? Kiti tulikuwa tunakiona kwa mbali, kama kiti cha mkutano. Mtoto anakua, bomba analivuka. Mama yake aliyejifunga kitenge halivuki, na binti wa sekondari mwenye sketi ndefu halivuki bila kuwapa watu cha kutazama. Fremu iliyoinama katikati, ya kuingia bila kurusha mguu, ilianza kutengenezwa karne iliyopita haijaingia, lakini kwenye maduka ninayoyajua huku zimejaa za bomba. Muuzaji mmoja aliniambia wateja wake ni wanaume. Nikamwuliza, kwani hao wanawake wangenunua ipi?

Lakini tusikae sana hapo, maana nina deni na breki.

Breki za fimbo mnazijua. Ukibana mkono, fimbo inavuta fimbo, nayo inavuta vipande viwili vya mpira vinavyobana rimu kutoka upande wa spoku. Rimu ni chuma kilichopakwa kromu, kinang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Siku ya jua inafanya kazi. Mvua ikinyesha, maji yanatanda juu ya kromu na mpira unateleza juu ya maji. Gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa likifutwafutwa ndipo breki ianze kushika, na katika mizunguko hiyo wewe umeshafika ulikokuwa hutaki kufika.

Mimi nilikuwa na mbuzi. Jike, amefungwa kwenye keria ndani ya kiroba, kichwa nje, tunakwenda mnadani. Baiskeli ilikuwa mpya, jina la kiwanda nitalihifadhi. Manyunyu yalinikuta juu ya mteremko unaoelekea kijitoni. Nikabana breki ya mbele, kimya. Nikabana ya nyuma, ikapiga mluzi tu. Mbuzi akaanza kusema maneno yake. Kilichotuokoa ni mguu wangu wa kulia: niliukandamiza kwenye tairi la mbele, chini ya uma, nikiwa nimevaa katambuga. Tairi likafungwa breki na kipande cha tairi mwenzake, mpira kwa mpira, na tukasimama hatua chache kabla ya maji. Nimewaza sana jambo hilo. Ndala za tairi la gari kuukuu, zilizochongwa na mzee mmoja kwa kisu, zilifunga breki siku ya mvua kuliko breki iliyotoka kiwandani.

Na dawa ilikuwepo zamani. Mwaka 1903, huko Ujerumani, kampuni ya Fichtel na Sachs ilitoa kitovu cha gurudumu kilichoitwa Torpedo. Breki imefichwa ndani ya kitovu chenyewe, unaifunga kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Mvua haiingii, tope haliingii, haina fimbo ya kupinda. Zaidi ya miaka mia moja imepita.

Nikambebea fundi hoja hiyo kama aliyegundua dhahabu ya Nyamongo. Nikamwambia, mzee, hivi kwa nini hawatuletei breki ya ndani? Hakuinua kichwa, alikuwa ananyoosha rimu.

"Mura," akasema, "hiyo ya ndani ikikorofisha njiani, unaifungua na nini?"

Nikamwambia haikorofishi mara kwa mara.

"Sikukuuliza mara ngapi. Nimekuuliza unaifungua na nini."

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limenileta kwenye kipaza sauti hiki. Alisema yeye vyombo anavigawa mafungu mawili. Kuna chenye kasoro na mlango, na kuna chenye kasoro bila mlango. Mlango, kwa lugha yake, ni pale mkono unapoingilia: skrubu, nati, pini, mahali popote ambapo spana, nyundo au jino linaweza kufika.

Akanionyesha mifano miwili kwenye baiskeli ile ile niliyokuwa nailaumu. Wa kwanza ni valvu. Ile valvu yetu ya kizamani, ambayo ni mtoto wa miaka ya 1890, inazuia upepo kwa kipira chembamba kilichovishwa kwenye kijibomba chenye tundu ubavuni. Ukipampu, upepo unakibenua kipira na kupita, ukiacha, kinajifunga. Joto la huku linakiozesha. Asubuhi unakuta tairi limelala na hakuna mwiba. Ni kasoro, hakuna ubishi. Lakini unafungua kwa vidole, unavuta kipira kilichooza, unavisha kingine kinachouzwa kwa senti kidogo, unapaka mate juu ya valvu kuona kama inatoa povu, unaondoka. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Wa pili ni ile pini ya kabari inayoshika mkono wa pedeli, kotapini. Ni ya chuma laini, na mzigo ukizidi inalegea. Utaisikia kila unapokanyaga: ko, ko, ko. Ni aibu kwa mhandisi, lakini dawa yake ni nyundo, na nyundo ipo kila nyumba. Wenzetu walifikiria mapema habari ya vitu vinavyojifungua. Ndugu wawili wa Dayton, Marekani, Wilbur na Orville Wright, kabla ya kurusha ndege mwaka 1903 walikuwa watu wa duka la baiskeli, na mwaka 1900 walitangaza pedeli isiyofunguka yenyewe. Siri yake ni hiyo hiyo iliyomo kwenye baiskeli yako: pedeli ya kushoto inakazwa kinyume na ya kulia, ili mwendo wa mguu usiifungue. Kijana aliyekorofishana na pedeli ya kushoto akidhani imeshika kutu anajua ninachosema. Alikuwa anaikaza.

Basi nikatoa kwenye begi taa yangu ya sola. Jina pia nalihifadhi, maana wanaosikiliza ni wengi na wakili sina. Nilikuwa nimeinunua Musoma, ikawaka vizuri msimu mmoja wa masika, kisha ikazima. Fundi akaifuta vumbi kwa kiganja. Akaigeuza. Akatafuta skrubu chini, hakuna. Akabandua lebo, maana wakati mwingine wanazificha huko, hakuna. Akapitisha ukucha kwenye mshono wa plastiki, umegandishwa moto. Akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayejaribu yai. Kisha akanirudishia.

"Hii haina mlango."

Ndani ya taa ile, kwa ninavyoelewa mimi, pengine kulikuwa na ubovu wa uzi mmoja, au betri yenyewe imechoka tu kama zinavyochoka betri zote. Taa, paneli na kioo vilikuwa vizima. Kwa kukosa skrubu nne nikatupa vyote. Zile tochi kubwa za kuchaji nazo zina lao. Nyingi zina betri ya risasi iliyofungwa, na betri ya namna hiyo ukiiacha imeisha chaji kwa wiki kadhaa, sahani zake za ndani hufanya utando mgumu na haipokei tena umeme. Nani alituambia? Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mwanamke anatabasamu. Bibi yangu alikuwa na kandili. Utambi ukiisha anakata kanga kuukuu, chimni ikipasuka anabandika karatasi kwenye ufa. Moshi wake siusifu, umeharibu macho ya wengi. Ila ilikuwa na mlango kila upande.

Sasa kuna chombo kingine ambacho mlango wake upo, lakini uliwekwa na mtu aliyekuwa anawaza mengine. Dumu. Lile la njano, la lita 20, lililokuja na mafuta ya kula na kugeuka kisima cha nyumba. Likijaa ni kilo ishirini. Lina mshikio mmoja, na chini ya mshikio umepita mshono wa plastiki unaokata vidole. Akina mama wanauviringishia kitambaa. Mdomo wake hauingizi mkono, kwa hiyo ukijani ukiota ndani unatia mchanga na kokoto, unatikisa hadi mgongo uume. Na ukimimina linakunywa na kutapika kwa zamu, gulu, gulu, maji yanakulowesha miguu.

Babu yake dumu hilo alikuwa mwerevu kuliko yeye. Ni debe la chuma la jeshi la Wajerumani, lililobuniwa mwaka 1937. Lilikuwa na mishikio mitatu juu. Likijaa, watu wawili wanalishika kila mmoja upande wake. Yakiwa matupu, mtu mmoja anabeba mawili kwa mkono mmoja. Lilikuwa na kijibomba cha kuingizia hewa, likimimina halikwami. Waingereza walipoyateka kwenye vita vya jangwani Afrika Kaskazini waliyaona bora kuliko ya kwao, wakayaiga. Halafu kizazi kwa kizazi mishikio ikapukutika, hadi likafika kisimani kwetu na mmoja. Kwa mafuta ya kula linatosha, linabebwa mara moja kutoka dukani. Aliyelifinyanga hakumwona msichana anayelibeba asubuhi na jioni.

Nisije nikaonekana nalia tu. Wapo waliouliza kwanza. Baada ya ile tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, Wamarekani walianzisha shirika la World Bicycle Relief mwaka 2005, wakianzia Sri Lanka, baadaye wakaja Afrika. Baiskeli yao inaitwa Buffalo, na kwa jirani zetu Kenya inaunganishwa Kisumu, si mbali na sisi. Keria yake imetengenezwa kwa mzigo wa kilo 100. Breki ya nyuma iko ndani ya kitovu, ile ile kaka ya Torpedo. Ni nzito, haina madoido. Nilipomsimulia fundi, aliuliza swali moja tu, lile lile. Nikamjibu kwamba wanafundisha mafundi wa vijijini na wanauza vipuri vyake. Akafikiri kidogo.

"Basi hao wameweka mlango," akasema. Akarudi kwenye rimu yake.

Hapo mimi na yeye tukawa tumekaribiana bila kukutana. Yeye anaamini kifaa kizuri ni kile anachoweza kukirekebisha. Mimi, mwenye mbuzi, naamini wakati mwingine ni bora kisichohitaji kurekebishwa mteremkoni. Tutaendelea kubishana, maana baiskeli yangu iko kwake kila mwezi.

Jambo la mwisho. Chini ya benchi lake kuna kopo la rangi, la lita nne, limejaa vyuma vilivyokufa. Wiki iliyopita nilimwomba alimwage juu ya gunia. Spoku zilikuwa rundo, na karibu zote zimekatika shingoni, pale zinapopinda kuingia kwenye kitovu. Kotapini zimevimba vichwa kwa nyundo. Kisha ekseli za nyuma. Nilihesabu kumi na moja. Zote kumi na moja zimevunjika upande mmoja: upande wa cheni. Nikamwuliza kulikoni. Akachukua kitovu kizima akanionyesha. Upande wa cheni kuna friwili, nayo inausukuma mkao wa gololi uende ndani, kwa hiyo ekseli inabaki na kipande kirefu kilichoning'inia bila kushikiliwa. Uzito wa gunia unakipinda kipande hicho kila gurudumu linapoingia shimoni, hadi siku kinachoka.

Fundi huyu hakupita chuo. Lakini kwenye kopo lile ana matokeo ya majaribio ya miaka, yaliyofanywa kwenye barabara zenyewe, kwa mizigo yenyewe. Siku mtu wa vipimo atakapopita huku, awe wa shirika la viwango, TBS, awe wa CAMARTEC ya Arusha ambao zana za kilimo na teknolojia za vijijini ndiyo kazi yao, namwomba akae nusu saa kwenye lile benchi kabla ya kwenda kusaini kitabu cha wageni.

Ila awahi. Nilimwuliza fundi hilo kopo analiwekea nini, akasema anangoja lijae, mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake siku za mnada. Nikamwomba anipe ekseli moja niwaonyeshe watu wa redio. Akaipima mkononi, akaniangalia.

"Mia mbili," akasema.

Nimelipa. Ninayo hapa mezani, imevunjika upande wa cheni. Kwaherini, tukutane wiki ijayo saa hizi hizi, na kama uliacha tochi nje wakati ule wa nati, nenda kaichukue.